Dakika Ishirini za Sajini Onyo

Kambini walimwita Sajini Onyo, na hawakumwonea. Katika miaka ishirini na saba ya upelelezi wa polisi jeshi hakuwahi kumwuliza mtu swali la kesi kabla hajamsomea onyo: kwamba halazimiki kusema lolote, kwamba akisema litaandikwa, na kwamba likishaandikwa linaweza kumrudia mbele ya mahakama. Aliwasomea hata waliokamatwa na mali mkononi. Alimsomea mpishi aliyekutwa na mbuzi wa jeshi ndani ya gunia, mbuzi akiwa bado analia. Vijana wa ofisini walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akangoja wamalize, kisha akairudia sentensi ya pili, kwa sababu mbuzi alikuwa amemkatiza.

Nyumbani nako hakuwa na nafuu. Mkewe, muuguzi mwenye ulimi mwepesi, akivunja sahani alisimama wima katikati ya jiko, kidevu juu, akasema, "Nisomee onyo kwanza, baba watoto, ndipo nikwambie nani kaivunja." Watoto wao walikua wakiyajua maneno yale kwa moyo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Sajini alitabasamu kidogo, akaokota vigae, lakini hakuacha.

Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Alipokuwa askari mgeni katika kazi ile, mkubwa wake alikuwa mpelelezi wa mtindo wa zamani, mwenye ndoo ya maji na kipande cha mpira wa bomba. Darubini ya jeshi ilipotea. Wakamkamata mtunza stoo, wakamlaza kifudifudi juu ya sakafu, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekiri kuiba darubini, na angekiri kuiba na kambi yenyewe kama angeulizwa. Alifungwa miaka miwili. Mwaka uliofuata mafundi rangi waliposogeza kabati la ofisi, darubini ikaanguka kutoka nyuma yake. Mtunza stoo alitolewa jela akiwa hasikii tena sikio la kushoto. Hakuna aliyemwomba radhi. Darubini ilirudishwa stoo, wakafungua jalada jingine, na maisha yakaendelea. Siku ile ya kipigo, askari mgeni ndiye aliyekuwa ameshika miguu.

Baada ya hapo aliing'ang'ania sheria kama kupe. Alikuwa na kitabu cha sheria za jeshi alichokifunika kwa karatasi ya kalenda, na mipaka ya kazi yake aliijua kuliko njia ya kwenda kwao. Askari hawekwi ndani zaidi ya saa arobaini na nane bila kuandikiwa kosa. Nyumba ya askari haipekuliwi bila amri ya maandishi ya mkuu wa kambi. Raia aliye nje ya lango haguswi mpaka aje polisi wa kiraia. Kwa ajili ya mpaka huo wa tatu alipata kusimama kwenye mvua kuanzia asubuhi hadi alasiri, nje ya uzio wa raia mmoja, akitazama mablanketi ya jeshi yameanikwa kwenye kamba huku akiwasubiri polisi wa kiraia. Walipofika, kamba ilikuwa tupu, na raia yule aliwakaribisha kwa bashasha. Wenzake wakasema sheria imemfunga mikono. Sajini akasema ndiyo kazi yake, kufunga mikono, na mikono ya kwanza kufungwa lazima iwe ya mpelelezi.

Ni maneno mazuri hayo. Sajini aliyaamini kwa moyo wote, na siku ya kuyalipia ilipofika, aliyelipa alikuwa mtu mwingine kabisa.

Kuruta mmoja alifia uwanja wa shabaha. Alikuwa binti wa miaka ishirini, mtoto wa pekee wa mama mshona sare za shule, na alikuwa katika wiki ya tano ya mafunzo. Alikutwa Jumatano mchana nyuma ya tuta la udongo linalozuia risasi, mahali ambapo mtu aliyeko kambini haoni kitu. Wenzake wote walikuwa kwenye foleni ya chakula. Daktari alisema amekufa kwa joto na kukosa maji, naye alikuwa na homa tayari. Viganja vyake vilikuwa vimechunwa na kamba ya mfuko wa mchanga. Mkufunzi wake alikuwa koplo mmoja aliyeitwa Filimbi, kwa kuwa filimbi haikumtoka shingoni hata akienda kunyoa. Jioni ile Filimbi akawekwa ndani.

Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, Sajini Onyo aliingia chumba cha mahabusu. Askari wa zamu aliandika saa hiyo kwenye daftari la mlangoni, kama anavyotakiwa. Ndani kulikuwa na meza ndogo na viti viwili, na koplo alikuwa ameketi sakafuni. Buti zake hazikuwa na kamba, suruali haikuwa na mkanda, kwa maana mahabusu hunyang'anywa vitu hivyo asije akajinyonga. Macho yalikuwa yamevimba kwa kulia. Alipomwona sajini aliruka akasimama mguu sawa, mikono ubavuni, na suruali ikamteremka kiunoni, asithubutu kuishika.

Sajini alimjua Filimbi tangu alipokuwa kuruta. Alikuwepo kwenye harusi yake. Sasa alimwona amesimama pale na nguo ya ndani ikionekana, na kitu kikampanda kifuani. Ilikuwa huruma au ilikuwa hasira, yeye mwenyewe hakuwahi kujua. Kitabu kilikuwa kwapani. Hakukifungua.

"Legea," akasema. "Filimbi, umefanya nini wewe?"

Basi. Maneno manne. Mtaani swali ni swali tu. Mtu anaweza kuguna, kuinua mabega, kukuambia ukaulize kwenu. Kambini si hivyo. Mwenye cheo akimwuliza wa chini yake, lile swali ni amri, na kutojibu ni kosa linaloweza kukupeleka kwenye chumba kile kile. Askari hufundishwa hivyo tangu siku ya kwanza, mpaka jibu linatoka kabla akili haijaamka. Kwa sababu hiyo sheria ya jeshi inamtaka mpelelezi amwambie mtuhumiwa kwanza kwamba hapa, kwa mara hii moja tu, cheo hakina nguvu, na anaweza kufunga mdomo wake. Hakuna aliyeijua kanuni hiyo kumzidi Sajini Onyo. Na Filimbi, aliyeambiwa alegee, hakulegea. Alijibu akiwa mguu sawa, macho ukutani.

"Bunduki yake ilikuwa na vumbi, afande. Nikampa mfuko wa mchanga, nikamwambia azunguke tuta raundi kumi."

Raundi ya sita binti akasema ana homa. Koplo akamwuliza chiti ya daktari iko wapi. Binti akasema anayo mfukoni, ila haitoi.

"Kuruta akilala siku tano kwa ugonjwa anarudishwa nyumbani, afande. Yeye alikuwa ameshalala nne. Akaniambia, mama kasema nisirudi kwake kabla sijaapishwa." Koplo hakuondoa macho ukutani. "Nikamwambia, basi kimbia umfurahishe mama yako."

Raundi ya nane akaomba maji.

"Nilikuwa na chupa, afande. Nikanywa mbele yake. Yaliyobaki nikayamwaga chini. Nilitaka akasirike. Kuruta akikasirika anapata nguvu, ndivyo tulivyofundishwa na sisi."

Hapo sajini angeweza kuinua mkono, amnyamazishe, atoe kitabu. Hakuinua.

"Ya kumi na moja aliikimbia mwenyewe. Wallahi, afande, nilimwambia inatosha, nikapiga na filimbi, hakusikia. Alikuwa anakwenda anasema mama, mama, mama. Halafu akakaa chini kama mtu anayepumzika."

Akamaliza. Sajini akavuta kiti, akamwambia koplo akae, akafungua kitabu na kumsomea onyo lote, taratibu, bila kuruka neno. Akaandika saa nne na nusu juu ya karatasi. Koplo akasema atarudia, akarudia yale yale, kuanzia vumbi la bunduki mpaka mwisho, na akasaini kila ukurasa. Kwa macho ya mtu yeyote zilikuwa kurasa tano safi. Ila daftari la mlangoni lilisema saa nne na dakika kumi.

Kesho yake alikwenda kwa mama wa marehemu. Chumba cha kushonea kilikuwa kidogo, sketi za bluu zimerundikana hadi dirishani, kwa kuwa shule zilikuwa zinafunguliwa na ufunguzi wa shule haujui msiba wa mtu. Mama alikuwa nyuma ya cherehani, pini zimebanwa midomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye mkono wa gauni lake.

"Mwanangu kafaje, baba?" akauliza.

"Maelezo ninayo, mama. Yamesainiwa kila ukurasa. Ila siruhusiwi kukwambia leo."

"Mimi niliyemzaa siruhusiwi?"

"Yatasomwa mahakamani mbele yako, neno kwa neno. Ukiambiwa leo, kesho watasema ushahidi umeharibiwa."

"Nitayasikia yote?"

"Yote."

"Unaniahidi?"

Sajini hakuwa mtu wa ahadi. Ahadi haimo kwenye kitabu. Akaahidi.

"Basi nitangoja," mama akasema. "Sitaki wamnyonge huyo koplo, kumnyonga hakunirudishii kitu. Nataka kujua tu. Nikilala naona kila namna ya kufa, baba. Nataka nibakiwe na namna moja." Akazirudisha pini mdomoni.

Kesi ilichukua miezi minne kufika. Siku moja kabla ya sajini kutoa ushahidi, mwendesha mashtaka alimwita ofisini. Alikuwa luteni kijana, suruali imenyooka kuliko hoja zake, na mbele yake alikuwa na nakala ya daftari la mlangoni.

"Umeingia saa nne na kumi," akasema. "Onyo umelisoma saa nne na nusu. Wakili wa koplo ameshaliona hili. Atakuuliza dakika ishirini zilikwenda wapi."

"Ataniuliza, afande."

"Ulikuwa unatafuta meza, sivyo? Mahabusu hamna meza."

"Meza ilikuwepo, afande."

Luteni akashusha sauti. "Sajini. Mimi nasema tu kwamba kutafuta meza huchukua muda. Koplo mwenyewe hatapanda kizimbani, wakili wake kamkataza. Mliokuwa mle ndani ni wawili, na mmoja hasemi. Hakuna wa kukubishia."

Jioni ile sajini alimweleza mkewe, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Walikuwa mezani. Mkewe, aliyemcheka maisha yote kwa maonyo yake, safari hii hakucheka.

"Sema ulikuwa unatafuta meza," akasema.

"Siwezi."

"Unaweza. Mara moja tu, baba watoto. Mungu mwenyewe atatazama pembeni."

"Yule mtunza stoo nilimshika miguu, na aliyekuwa na mpira naye alikuwa na hakika yake. Kila mwongo wa ofisi ile alikuwa na sababu nzuri."

"Usinipige hadithi ya darubini. Hii si darubini, hii ni maiti ya mtoto. Koplo kaua, kakwambia kwa kinywa chake, na unajua ni kweli." Akasukuma sahani mbali. "Umeteleza wewe, atakayeanguka ni yule mama. Yeye hana mtoto wa pili wa kukupa ujifunzie ukweli."

Mkewe akaondoa vyombo, chakula cha mumewe kikiwa hakijaguswa, na asubuhi alikwenda kazini bila kumuaga.

Mahakama ilikaa kwenye ukumbi wa mikutano wa kambi. Maofisa watatu walikuwa mbele, na pembeni yao meja mmoja mwenye miwani, mwanasheria wa kuwaongoza katika sheria. Mama wa marehemu alikaa kiti cha nyuma kabisa, mkoba mapajani, amevaa gauni alilolishona mwenyewe kwa siku ile. Sajini alipita mbele yake akielekea kizimbani, na mama akamwinamishia kichwa, kama mtu anayemsalimu ndugu.

Wakili wa koplo alikuwa kapteni mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Alimpa sajini daftari la mlangoni alisome kwa sauti. Sajini akasoma.

"Dakika ishirini hizo, sajini. Mlikuwa mnafanya nini?"

Luteni alikuwa akitazama kalamu yake. Sajini aliona meza ikimjia mdomoni, neno jepesi, la silabi mbili. Aliona pia kwamba akilitoa, koplo angefungwa, mama angesikia kurasa zote tano, na usiku ule wote wangelala. Alilitaka neno lile. Sitaki mtu aseme baadaye kwamba sajini alikuwa jiwe. Alilitaka mpaka mate yakamjaa.

"Tulikuwa tunazungumza, afande."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu kifo cha kuruta."

"Ulikuwa umemsomea onyo?"

"Hapana."

"Ulimwambiaje?"

"Nilisema, Filimbi, umefanya nini wewe."

"Naye alikuwa amesimama vipi?"

"Mguu sawa, afande."

"Ulimwambia alegee?"

"Nilimwambia. Hakulegea."

"Akakusimulia yote yaliyomo kwenye maelezo haya."

"Yote."

"Ungeweza kumnyamazisha?"

"Ningeweza."

"Mbona hukumnyamazisha, sajini? Wewe wanakuita Onyo."

"Nilitaka kujua," sajini akasema.

Kapteni akashukuru, akaketi. Meja mwenye miwani alihitaji nusu saa tu kuandika uamuzi wake. Alisema swali la mkubwa kwa askari aliyesimama mguu sawa ni amri, na yaliyosemwa kwa amri si ungamo. Alisema onyo lililosomwa baadaye halikuponya kitu, kwa sababu mtuhumiwa alikuwa ameshajimaliza, na maji yakimwagika hayazoleki. Kurasa tano hazitasomwa. Zikatiwa kwenye bahasha ya kaki, zikapigwa muhuri, na meja akatoa amri kwamba yeyote anayejua yaliyomo asiyatoe nje ya ofisi ya sheria, kwa mtu yeyote, kwa namna yoyote.

Kule nyuma mama akasimama.

"Kwa hiyo hayasomwi?" akauliza.

Askari wa mlangoni akamgusa bega, akamwomba akae, naye akakaa.

Bila kurasa zile kesi haikuwa na miguu. Daktari alijua joto limeua, hakujua nani aliamuru. Makuruta wengine waliona mgongo wa koplo akielekea uwanjani, basi. Koplo hakupanda kizimbani. Alitumia haki yake ya kunyamaza kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na ikamfaa. Aliachiwa huru kabla ya chakula cha mchana, saa ile ile ambayo binti alikuwa akizunguka tuta.

Nje ya ukumbi Filimbi alimfuata sajini. Akabana visigino, akasimama wima, mkanda umerudi kiunoni na kamba zimerudi kwenye buti.

"Asante, afande," akasema.

Hakuwa anakejeli, na hapo ndipo palipouma. Alikuwa na machozi. Alidhani sajini alifanya vile kwa ajili yake.

Mkuu wa kambi naye alimwita, akamwambia kwamba kwa miaka ishirini na saba wamevumilia kitabu chake, na siku moja tu kilipohitajika alikuwa amekibana kwapani. Ilikuwa kweli. Akaondolewa upelelezi, akapelekwa langoni kuandika namba za magari yaingiayo na yatokayo, mpaka astaafu. Nyumbani mkewe alirudia kuzungumza naye baada ya siku tisa, lakini sahani ikivunjika aliiokota mwenyewe kimya kimya. Filimbi alipewa makuruta wapya. Wapelelezi vijana waliochukua meza ya sajini wakaanza kuingia mahabusu wawili wawili, na daftari la mlangoni likawa linajazwa baada ya kazi, si kabla. Hilo nalo walijifunza kwake.

Wiki ya saba akiwa langoni, asubuhi ya jua kali, mama yule alikuja. Alikuja kwa miguu, ana mkoba ule ule, na alisimama upande wa nje wa kizuizi cha bomba, hatua moja kutoka kibanda cha sajini. Hakutoa salamu ndefu.

"Uliniahidi," akasema.

"Nilikuahidi, mama."

"Mimi sina kesi tena. Sina wa kumfunga. Niambie tu."

Sajini alitazama nyuma yake, kisha barabarani. Amri ya meja ilikuwa wazi, na adhabu yake aliijua kwa tarakimu. Kwa mtu aliyekwisha kupoteza kila alichokuwa anakilinda, tarakimu hazikuwa na uzito. Akaweka kalamu chini, akatoka kibandani, akamwambia. Alisema habari za vumbi la bunduki. Alisema mfuko wa mchanga, na raundi kumi, na homa. Alisema maji yaliyonywewa mbele yake na maji yaliyomwagwa. Aliyasema kwa sauti ya kusoma maelezo, kwa sababu sauti nyingine ya mambo kama yale hakuwa nayo. Mama alishika bomba la kizuizi kwa mikono miwili, na hakulia.

"Chiti ya daktari," mama akasema, baada ya sajini kumaliza. "Nilisikia alipewa. Hakuionyesha?"

Sajini alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu alipomwona anakuja.

"Koplo hakuitaka. Hakumwuliza."

"Na mimi? Mimi hakunitaja?"

"Hapana, mama."

"Hata kidogo?"

"Hakukutaja. Kila kitu kilikwenda haraka. Hakuumia sana."

Mama akafungua mkoba, akatoa karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne, mikunjo imekolea jasho lililokauka.

"Walinirudishia nguo zake," akasema. "Ilikuwa mfukoni. Mtu asiye na la kuficha haikunji chiti hivi. Jumapili ile alinipigia simu, baba. Alikuwa analia, anaumwa, anataka kurudi. Nikamwambia akirudi kabla hajaapishwa asibishe mlango wangu. Mwanangu namjua. Hawezi kuwa alikufa bila kulisema hilo."

Sajini aliitazama mikunjo ile.

"Kumbe kudanganya unajua," mama akasema, taratibu, bila hasira, kama mtu aliyehangaika na hesabu muda mrefu na sasa imemkubali. "Unajua vizuri tu, tena bila kupepesa macho. Basi siku ile, nimekaa pale nyuma nakutazama, uongo mmoja ulikushinda nini?"

Akaikunja ile chiti kwa mikunjo yake ya zamani, akairudisha mkobani, akaondoka bila kungoja jibu.